Baiskeli Zilizolazwa Makusudi

1

Bi Chausiku alishuka kwenye baiskeli, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akailaza katikati ya kichochoro taratibu, kama anamlaza mtoto aliyesinzia mgongoni. Kituo cha baiskeli kilikuwa pale pale mbele yake, mistari myeupe imechorwa, nafasi tele. Hakukitazama hata kidogo. Alijifunga kanga vizuri, akainamisha kichwa, akasubiri.

Ng'ambo ya njia, ndani ya duka la mshona nguo, Mkunde Semboja alikuwa amejibanza nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Pembeni yake alikuwepo Kapaya, fundi wa shirika la baiskeli, ameshika kisanduku chake cha vifaa.

"Sasa hivi," Kapaya alinong'ona. "Mwangalie uso."

Uso wa Bi Chausiku ukalegea. Mabega yakamshuka, mdomo ukataka kucheka, akauzuia.

"Nimekusikia, nimekusikia," alisema, na mbele yake hapana mtu. "Ah, mume wangu, na wewe! Haya, nimeiweka vibaya, nimekosa. Kohoa basi tena."

Mkunde akaukaza mtandio wake kichwani. Mume wa Bi Chausiku, Mzee Sekiete, alikuwa amezikwa mwaka uliopita, na nusu ya Ngamiani ilikwenda kumzika.

"Hongera, Mzigua," Kapaya alisema. "Wenzako wakisoma sana wanatengeneza dawa. Wewe umetutengenezea mashetani."

"Nyamaza, Mnyamwezi. Utatufanya tuonekane."

"Tuonekane na nani? Yule yuko na mumewe."

Hawa wawili walikuwa watani, na ndiyo maana Kapaya alikuwa akimwambia maneno ambayo mtu mwingine pale ofisini angeyasema angeachishwa kazi. Mkunde ndiye alikuwa mtaalamu wa saikolojia wa shirika. Tangu mji ulipofukuza magari yote Ngamiani, watu walikuwa wakitembelea baiskeli za shirika, zile walizozibatiza "za wote", na kazi ya Mkunde ilikuwa moja tu: kuwafanya watu waziegeshe vizuri. Kwa muda aliiweza. Mji mzima ulimpigia makofi.

Akatokea mwanamume mwenye shati la karakana. Naye akailaza yake, karibu kabisa na ya Bi Chausiku. "Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo, akafunga mikono mbele kama mwanafunzi aliyechelewa. Akaja mwalimu mmoja na miwani yake. Wakaja dada wawili wa benki. Chai ya mshona nguo haijapoa vizuri, kichochoro cha Barabara ya Kumi na Saba kilikuwa kimezibwa na baiskeli, na katikati ya baiskeli watu wamesimama wakinong'ona, kila mtu na wake.

Ni kichochoro hicho hicho alichoangukia Mzee Kibwana wiki iliyopita. Mzee wa watu hana macho, kila siku anapita hapo kwenda msikitini, na sasa alikuwa hospitali na nyonga iliyovunjika. Mkunde akatoka dukani.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

Mama wa watu alishtuka. "Marahaba, mwanangu."

"Baiskeli hii, mama. Kituo si kile pale?"

"Nakiona. Macho yangu mazima."

"Sasa kwa nini?"

Bi Chausiku alimwangalia kwa huruma, vile unavyomwangalia mtu mzima aliyeuliza swali la kitoto. "Kwa sababu nikiiegesha vizuri anaondoka."

Mkunde akainama aiinue ile baiskeli, kwa mazoea tu ya kazi, na hapo hapo mkono wake ukadakwa.

"Thubutu!" Bi Chausiku alisema. Machozi yalikuwa yameshafika. "Nilimzika mara moja. Usinizikishe tena."

2

Hebu turudi nyuma kidogo, maana bila hili mtamwona Mkunde mchawi bure.

Kabla ya hapo baiskeli za wote zilikuwa zikitupwa popote. Milango ya misikiti, ngazi za zahanati, ndani ya mitaro, juu ya mbogamboga za watu. Mkunde alikaa msimu mzima akitazama tu. Akaona mambo. Mtu yule yule anayeifuta baiskeli yake nyumbani kwa kitambaa mpaka kwenye spoku, akishuka kwenye ya shirika anaitupa kama ganda la ndizi. Akaona kwamba wa kwanza kulaza hutazama kwanza kama anaonekana. Wa pili haangalii watu, anaiangalia ile iliyokwisha lala, anapata moyo. Wa tatu haangalii kitu. Walipowekewa faini wakazilipa, na baada ya hapo wakazilaza kwa kifua mbele, maana wamelipia.

Lakini kubwa aliloliona ni lile la kulia na kushoto. Makosa mengine mtu huyafanya kwa kutojua. Kuegesha baiskeli vibaya, hakuna asiyejua! Angekuwa hajui asingetazama pembeni kwanza. Na polisi akisimama pale, mtu anaona tabu kidogo tu, anangoja ageuke. Akisimama mama yake mdogo, baiskeli inanyooka yenyewe.

Ndipo likatengenezwa Jicho. Ni kitu kidogo kama punje ya harage, kimefichwa ndani ya kengele ya baiskeli. Wakati unaendesha, viganja vyako juu ya usukani vinalifundisha mapigo ya damu yako. Ukishuka ukaiacha baiskeli nje ya mistari, Jicho linaamsha mahali fulani kichwani, pale pale panapokufanya ugeuke barabarani ukahisi mtu anakuangalia kisogo. Halina picha ya mtu. Halina sauti ya mtu. Linabisha hodi tu, na anayeitikia ni yule unayemwonea haya kuliko wote. Kwa wengi, huyo alikuwa ameshalala udongoni.

Siku za mwanzo ilikuwa vichekesho. Wanaume wazima walirudi mbio wamekamata kofia, wakinyoosha baiskeli na kuomba radhi hewani. Mji ukawa safi. Na Mkunde, kwa mkono wake, akaweka sharti moja: ukiinyoosha baiskeli, Jicho linalala. Aliona ni huruma. Mtu aliyejirekebisha asiendelee kuaibishwa.

Hapo ndipo alipokosea, na mtu aliyezaliwa na kulelewa Tanga hakupaswa kulikosea hilo. Huku kwetu kugombezwa ni kushikwa mkono. Shangazi akiacha kukukaripia ujue amekutoa moyoni. Mkunde alishahudhuria misiba isiyohesabika, na katika kila msiba alimsikia mfiwa mmoja akilia kwa maneno yale yale: nani atanigombeza sasa? Aliyasikia, akayapita. Akadhani watu wataikimbia sauti ile, kumbe ndiyo waliyokuwa wakiitafuta.

3

"Tugeuze," alisema Mkurugenzi wa shirika.

Bwana Mbelwa alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ulikuwa unamchosha Mkunde kuliko makelele ya mtu mwingine.

"Tugeuze nini, Mkurugenzi?"

"Sharti lako. Sasa hivi mtu akilaza ndiyo wanakuja, akinyoosha wanaondoka. Tugeuze. Anyooshe ndiyo waje. Akilaza, asione mtu. Dokta, mji utanyooka kama rula."

"Watasimama vituoni kutwa nzima."

"Hawatasimama. Tutampa kila mtu dakika moja na wake. Akitaka nyingine, apande tena, aende kituo kingine, aegeshe vizuri." Alitabasamu. "Watu watauzunguka mji huu kuanzia alfajiri. Hata mazoezi watapata."

Mkunde alimwona akilini Bi Chausiku akikanyaga pedali kutoka kituo hadi kituo na kanga yake, akikusanya vikohozi vya mumewe dakika baada ya dakika mpaka magoti yamkatae.

"Wafu wetu wawe waajiriwa wa halmashauri?" aliuliza.

"Baba yangu angefurahi. Alipenda sana kazi." Bwana Mbelwa alisema hivyo kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe ukamkwama. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Nitakwambia kitu, Dokta, kibaki humu. Huko nyuma, pale kwenye matangi ya maji, mimi huilaza yangu. Kila asubuhi kabla hamjafika. Baba anakuja, anasema, 'Athanas, ndivyo nilivyokufundisha?' Basi. Halafu naingia ofisini. Siku nzima nafanya kazi vizuri sana."

"Mkurugenzi..."

"Ukizima, unamuua. Unawaua wote. Jiulize kama mkono wako unaweza."

Mambo yalikuwa hivi: kuacha kama kulivyo haikuwezekana, maana mtu alishavunjika na watoto wake walikuwa wanakuja juu. Ama Jicho ligeuzwe, ama lizimwe. Na lolote lile halikuweza kufanyika bila kiganja cha mtaalamu aliyelibuni kuwekwa juu ya swichi kuu, ndivyo sheria ilivyokuwa. Baraza la mji lilikuwa linakutana alasiri ile ile. Mkurugenzi alitaka jibu kabla ya hapo.

Kapaya alikuwa anamngoja koridoni, anakula muhogo wa kukaanga uliofungwa kwenye gazeti.

"Ehe?"

Mkunde alimweleza. Kapaya alitafuna polepole, akameza.

"Nikuulize, Mzigua. Kwako wewe anakuja nani?"

"Sijui. Sijawahi kulaza baiskeli."

"Hujawahi, au unaogopa?"

Hakumjibu, na kwa mtani kutojibu ni kujibu. Mkunde alilelewa na dada yake, Mwajabu, baada ya mama yao kufariki. Mwajabu hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea alikuwa anakusonya msonyo mmoja mrefu, na wewe mwenyewe utajua pa kujirekebisha. Mwajabu alifariki Mkunde akiwa mbali masomoni, katikati ya mitihani, na Mkunde hakuja kumzika. Alikuja kwenye arobaini. Tangu siku ile alikuwa anaegesha baiskeli yake kwa uangalifu kuliko mtu yeyote mjini, na watu walidhani ni kwa sababu ya cheo chake.

4

"Nani huyo?"

"Shikamoo, mzee. Naitwa Mkunde, natoka kwenye baiskeli."

"Marahaba. Umekuja kuniomba radhi, au kuniomba ninyamaze?"

"Kukuomba radhi."

"Basi anza na chai hii," alisema Mzee Kibwana, akisukuma kikombe pembeni. "Hii si chai. Hapa wameosha birika, wakaniletea yale maji."

Mkunde alimnunulia nyingine nje, yenye tangawizi, akaketi kando ya kitanda. Mguu wa mzee ulikuwa umefungwa na kuinuliwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na masikio yake yalikuwa yakifuata kila hatua iliyopita wodini.

"Kosa ni letu, mzee. Baiskeli hazikupaswa kulazwa pale ukajikwaa."

Mzee Kibwana alikunywa chai yake, akashusha kikombe. "Sogea. Wanangu wako nje?"

"Hawapo."

"Mimi sikujikwaa. Wao wanasema nilijikwaa, na mimi nimewaacha waseme, maana ukweli wenyewe unatia aibu. Kichochoro kile nakijua kwa nyayo. Na baiskeli nilizijua zilipolala, wale watu wanasema, bwana! 'Mama nisamehe, baba nisamehe,' kila siku nikipita. Nikajiambia, mimi tu ndiyo nikose? Mimi nani aliyeniwekea macho nikapande baiskeli?" Alicheka kidogo, mguu ukamuuma, akaacha. "Nikapapasa. Nikapata moja, nikaiinua, nikaukamata usukani kwa mikono yote miwili, nikaukamata sana. Halafu nikailaza tena, kama wafanyavyo wao."

Mkunde alisogeza kiti. "Akaja mtu?"

"Akaja. Mwanamkasi wangu. 'Kibwana! Kibwana we!' Vile vile alivyokuwa akiniita nikiingia chumbani na viatu. Lo! Mwanangu, mimi sijaisikia sauti ile tangu nilipokuwa na meno. Nikageuka upesi nimfuate, ndipo nikaanguka. Mfupa nikausikia ukilia."

Vidole vyake vilikuwa vikitafuta kitu juu ya shuka, havikukipata.

"Basi sikiliza. Niko chini. Nimevunjika, napiga kelele, watu hawajafika. Na yeye yupo, hapo hapo sikioni, anasema nini? 'Kibwana! Kibwana we!' Kwa sauti ile ile ya viatu. Mke wangu yule? Nikijikata kidole tu alikuwa anaacha chungu kinaungua anakuja mbio. Aniona nimelala chini na nyonga imevunjika, anigombeze viatu? Pale pale nikajua si yeye. Mmempata kipande kimoja tu cha mtu, mmekikamata, mnakirudiarudia."

Machozi yalimtoka bila haya, yakaingia kwenye zile ndevu.

"Kwa hiyo nizime, mzee?"

"Usiniulize mimi! Ukizima nitalia. Usipozima nitarudi pale na mkongojo, nikijua si yeye, nitarudi. Ndiyo ubaya wake huo." Akainua kikombe. "Hii angalau ni chai."

5

Mkunde alichukua baiskeli nje ya hospitali, akaiendesha mpaka Barabara ya Kumi na Saba. Jua lilikuwa la utosi. Kapaya alikuwa ameshafika na kisanduku chake, amekaa kwenye ukingo wa kibaraza. Baiskeli zilikuwa zimelala kichochoro kizima, na watu wao wamesimama kati yake. Bi Chausiku alikuwepo, alimwona, akageuza uso.

Mkunde alitazama kulia. Akatazama kushoto. Alijicheka moyoni kwa kufanya hivyo, maana alikuwa amekiandikia kitendo kile kurasa na kurasa. Akailaza baiskeli.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu ikaja harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na moshi wa kuni za mikoko, na nyuma yake, karibu kabisa na bega la kushoto, msonyo. Mrefu. Wenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kwa sababu Mwajabu alikuwa na pengo.

"Dada," alisema. "Sikuja kukuzika."

Msonyo.

"Nilikuwa na mtihani. Ningeweza kuja. Niliweza, dada, sikuja tu, niliogopa kukuona vile."

Msonyo.

"Nimeolewa, nimeachika. Nina binti, nimempa jina lako. Ana pengo kama lako, ungemwona ungecheka."

Msonyo. Urefu ule ule, mkwaruzo ule ule, mahali pale pale nyuma ya bega. Mwajabu aliyekuwa akimsuka nywele hakuwepo. Mwajabu aliyeuza cherehani yake ili Mkunde aende shule hakuwepo. Kilichobaki ni kosa na mtu wa kuliona. Na bado, Mungu ananisikia nikilisema hili, Mkunde alitaka mwingine. Na mwingine baada ya huo. Angeweza kusimama pale mpaka magharibi. Kitu kilichomtia hofu kuliko yote ni jinsi alivyoona raha.

Akainama, akaiinua baiskeli, akaipeleka kwenye mistari. Standi ikagonga chini. Harufu ikakatika, na nyuma ya bega lake pakawa hewa tupu. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba ambacho hakuwahi kukilia kwenye arobaini.

Kapaya alimwacha alie. Alipomaliza, akafungua kisanduku, akaitoa swichi kuu. "Tunageuza au tunazima?"

"Tunazima."

"Kweli?"

"Zima, Kapaya. Nipe niweke mkono."

Kapaya hakumpa. Aliiweka swichi chini, akavua kofia, na mtu mzima yule, na tumbo lake na kitambulisho chake cha kazi shingoni, akalala chali barabarani kati ya baiskeli, mikono ameikunja kifuani.

"Huzimi mtu hapa," alisema akiangalia mbingu. "Mpaka unipe changu."

Watu wakageuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwenye maziko mtani hufanya hivyo, hushuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka wafiwa wamtoe kwa kitu, na wafiwa hucheka na machozi yanawatoka. Kapaya alikuwa anawaambia watu wale, kwa njia pekee aliyoijua, kwamba hapa panazikwa.

"Ondoka, Mnyamwezi mchafu we," Mkunde alisema. "Wataka nini?"

"Viatu. Mzigua gani anavaa viatu vizuri hivyo?"

Mkunde akavua viatu, akamwekea kifuani. Mwalimu mwenye miwani alicheka, kicheko kikageuka, akashika uso wake. Mmoja wa wale dada wa benki akaanza kuaga kwa kunong'ona. Kapaya akainuka, akajipangusa, akamshikia swichi, na Mkunde akaweka kiganja.

Hapakuwa na mlio wowote. Ila vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, vikitafuta nyuma ya mabega. Mwanamume mwenye shati la karakana aliita, "Mama? Mama?" kama aliyepotea sokoni.

Bi Chausiku alikuja mpaka mbele ya Mkunde. Hakupiga kelele.

"Mwana wa Semboja," alisema. "Hata mzee Kibwana aliyevunjika akinisihi, hili sikusamehe."

Akaenda zake kwa miguu, akaiacha baiskeli imelala.

6

Siku zilizofuata mji ulikuwa kama umepitiwa na kimbunga. Baiskeli zililazwa kila mahali, hata pale ambapo hazijawahi kulazwa, na watu walisimama juu yake wakisubiri. Wengine waliziinua wakazilaza upya, labda hawakuzilaza vibaya vya kutosha. Bwana Mbelwa alifika kazini amechelewa, suruali imelowa matope ya kwenye matangi, na hakumsalimu mtu. Halafu taratibu watu wakachoka. Baiskeli moja moja zikaanza kurudi kwenye mistari, nyingine hazikurudi, ukawa mji kama miji mingine.

Mkunde aliendelea kupita Barabara ya Kumi na Saba. Hakuwa anaitikiwa salamu. Mshona nguo alikuwa akimwona anaingiza kichwa ndani kwenye magauni.

Asubuhi moja alishuka pale. Bado hajui vizuri kwa nini alifanya alilolifanya. Kiganja kilichozima kilikuwa chake. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba ndani ya kengele ile hamna kitu tena. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliilaza baiskeli katikati ya njia, akasimama, akafumba macho, akangoja harufu ya mafuta ya nazi.

Kimya. Jogoo wa mtu. Redio ya mtu.

Kisha nyuma yake, upande wa kushoto, ukaja msonyo.

Mrefu. Mkunde hakugeuka, alishikilia upindo wa mtandio wake kwa mikono yote miwili na hakugeuka, maana akigeuka angejua.

"Na wewe je!" sauti ikasema. "Umetuzimia watu wetu kwa ajili ya baiskeli hizi hizi, halafu yako unailaza namna hiyo? Wapite wapi wenzio? Hebu inua hiyo!"

Haikuwa sauti ya Mwajabu. Ilikuwa ya Bi Chausiku.

Mkunde akainama. Akaiinua, akaisukuma mpaka kwenye mistari, standi ikamponyoka mara ya kwanza. Aliposimama wima alibaki ameupa mgongo mtaa. Mwili wake ulikuwa umeshafundishwa kinachofuata: sasa baiskeli imenyooka, kwa hiyo sasa nyuma yake hapana mtu.

"Shikamoo," alisema, akiuangalia ukuta.

Kimya kilikaa mpaka akaanza kukiamini.

"Marahaba sijakupa bado," Bi Chausiku alisema. "Gurudumu la mbele limekaa upande. Linyooshe."

Mkunde akalinyoosha, kisha akageuka. Baiskeli ilikuwa imesimama sawasawa ndani ya mistari yake, na Bi Chausiku alikuwa bado yupo, pale pale, mkono kiunoni, anamwangalia.